Maiti ya anatomia inaharibika: tafuta chanzo kabla ya kuongeza formalini

Katika vyumba vingi vya anatomia tiba ya kila tatizo ni moja. Kuvu imeota? Ongeza formalini. Ini limelainika? Ongeza formalini. Mwili unanuka? Ongeza tena. Mwisho wake wanafunzi wanahangaika na misuli iliyokakamaa huku machozi yakiwatoka, na kuvu bado iko palepale nyuma ya sikio.

Mwongozo huu ni wa fundi au mwalimu aliyekwisha kupunguza formalini, au anayetaka kuipunguza, kisha akakutana na mambo asiyoyatarajia. Msimamo wangu ni kwamba njia zenye formalini kidogo zinaposhindwa, mara nyingi kilichoshindwa si dawa ya kuhifadhi inayodungwa mishipani. Ama dawa haikufika ilikotakiwa, ama mwili haukutunzwa baada ya kudungwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila dalili ni kama dawa imefika. Swali la ukali wake lifuate baadaye.

Sababu ya kuipunguza haina utata. Mwaka 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka formaldehaidi, gesi ambayo ikiyeyushwa majini ndiyo formalini, katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Marekani imeweka kikomo cha 0.75 ppm, yaani sehemu 0.75 katika milioni ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi, na 2 ppm kwa dakika 15. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 0.3 na 0.6. Mwili uliohifadhiwa kwa formalini nyingi ukifunguliwa kifua ndani ya chumba kisicho na mzunguko mzuri wa hewa, viwango hivyo vinapitwa kwa urahisi.

Njia mbadala utakazokutana nazo ni hasa nne. Walter Thiel wa Graz, Austria, alichapisha yake mwaka 1992. Inatumia chumvi za naitreti, asidi ya boriki, glaikoli na formalini kidogo sana. Mwili unabaki laini, viungo vinakunjika, lakini unakaa ndani ya tangi kwa miezi. Ya pili ni ya chumvi nyingi. Coleman na Kogan waliueleza mchanganyiko wa aina hiyo mwaka 1998, na faida yake kubwa ni kwamba chumvi ni rahisi na inapatikana. Ya tatu ni ethanoli na glisarini, pamoja na thimoli ya kuzuia kuvu, ambayo Hammer na wenzake wa Leipzig waliifanyia kazi kubwa. Ya nne ni fenoksiethanoli, iliyopendekezwa na Frølich na wenzake mwaka 1984: mwili unakazwa kwanza kwa formalini, formalini inaoshwa, kisha fenoksiethanoli ya takriban 1% inachukua nafasi yake.

Formalini ilikuwa ikifanya kazi nyingi peke yake. Inafunga protini kwa protini, ndiyo maana nyama inakaza, na papo hapo inaua bakteria na kuzuia kuvu. Ukiiondoa, kila kazi kati ya hizo lazima ipate mwenyewe. Fenoksiethanoli inazuia vijidudu lakini haikazi nyama. Glisarini inashika maji lakini haiui kitu. Dalili nyingi hapa chini ni kazi iliyoachwa bila mwenyewe.

Upande mmoja umejaa, mwingine umelegea

Hili ndilo tatizo mama, na nitakaa hapa kuliko kwingine. Saa chache baada ya kudunga, mkono mmoja umejaa, ngozi imekaza na vidole vimenona. Mkono wa pili ngozi inavutika, viganja vimenyauka na kucha zina ubuluu. Ukiuacha hivyo, baada ya wiki chache upande uliolegea ndio utakaonuka, ndio utakaoota kuvu, na watu watasema dawa ni dhaifu.

Njia rahisi ya kulijua mapema ni kutia rangi kidogo ndani ya dawa, eosini kwa mfano. Halafu usisimame kwenye pampu ukitazama saa ya presha. Simama kwenye vidole. Kwa mwili wenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo, ndani ya mdomo na chini ya kucha. Rangi ikifika utaona uwaridi unatambaa kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye ncha, kidole kimoja baada ya kingine, na mara nyingi kidole kidogo cha mguu kinachelewa. Bonyeza kucha uachie: pakirudi waridi, dawa inapita. Pakibaki palivyo, kuna kizuizi njiani na kuendelea kusukuma hakutasaidia.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni kanula yenyewe, ule mrija unaoingiza dawa kwenye ateri. Ukidunga kupitia ateri ya paja na kanula inatazama juu, mguu uleule uliopasuliwa ndio unaokosa dawa, kwa sababu ateri imefungwa pale pale na hakuna kinachoteremka. Vivyo hivyo shingoni: kanula ya karotidi ikitazama moyo tu, upande huo wa kichwa unapata mabaki. Dunga pande zote mbili za tundu, kwa kanula ya matawi mawili au kwa kuigeuza nusu ya kazi. Nashangaa ni mara ngapi hatua hii inarukwa kisha lawama inakwenda kwa chumvi au kwa ethanoli.

Chanzo cha pili ni damu iliyoganda. Mwili uliochelewa kuletwa, au wa mtu aliyeugua muda mrefu, unaweza kuwa na mabonge yanayoziba matawi. Anza na maji ya uvuguvugu yenye sitreti kidogo, ambayo hushika kalisi na kusaidia kuzuia mgando zaidi, kisha ufuatishe dawa. Mkono au mguu unaokataa, ukande kuanzia vidoleni kuelekea moyoni huku dawa ikipita polepole. Kama bado, fungua ateri iliyo karibu zaidi, ya kwapa au ya paja la pili, udunge hapo. Mishipa ya wazee iliyojaa mafuta na chokaa haikandiki. Kwa hiyo sehemu iliyokosa idunge moja kwa moja kwa sindano ndefu, ukiisambaza dawa nyama kwa nyama.

Chanzo cha tatu ni presha. Haraka ya kumaliza kazi ndiyo inayoharibu. Uso ukivimba, kope zikitokeza, majimaji yakitoka puani, kapilari zimepasuka na dawa inamwagika kwenye tishu za karibu badala ya kusonga mbele. Simamisha, subiri, uendelee taratibu. Wanaotumia chombo kilichoninginizwa wanajua kwamba mita 1 ya maji inatoa presha ya karibu 74 mmHg. Lakini maji ya chumvi iliyokolea ni mazito kuliko maji matupu kwa takriban asilimia 20, hivyo mita ileile inatoa karibu 88. Ukihamia kwenye dawa ya chumvi na kuacha chombo palepale ukutani, presha imepanda bila wewe kugusa kitu. Shusha chombo.

Kwa mtu mzima tegemea lita 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi, kulingana na umbo. Lita 6 zikiingia na mwili ukagoma, usiandike "umejaa". Andika umegoma, na utafute kwa nini.

Tumbo linageuka kijani

Doa la kijani huanzia chini upande wa kulia wa tumbo, kwa sababu hapo ndipo utumbo mpana unapoanzia na bakteria wake wako karibu na ngozi. Ukiliona kabla ya kudunga, jua umechelewa, na mwili huo uwe wa kwanza kufunguliwa tumbo. Ukiliona baada ya kudunga, dawa ya mishipani imefika kwenye kuta za utumbo lakini haijafika ndani, palipo na kinyesi na gesi.

Wahudumu wa mochwari wanatatua hili kwa kutoboa tumbo kwa chuma kirefu chenye tundu na kumimina dawa ndani. Kwa mwili wa kufundishia siyo tiba nzuri: chuma kinachana ini, kinatoboa tumbo la chakula, na mwanafunzi atakuja kuuliza tundu lile ni la ugonjwa gani. Ni afadhali kupitisha sindano nyembamba sehemu mbili tatu na kumimina dawa polepole, au kufungua tumbo mapema, kufunga utumbo pande zote mbili, kuusafisha, na kuuvika shashi iliyolowa dawa. Kongosho nalo halisubiri. Linajimeng'enya kwa vimeng'enya vyake lenyewe, na hakuna njia ya formalini kidogo itakayolirudisha. Kinga yake ni ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi tangu mwili unapopokelewa, na kudunga bila kuchelewa.

Ngozi inalia chini ya vidole

Ukibonyeza unasikia mchakacho wa viputo vidogo, na uvimbe unahama. Hiyo ni gesi ndani ya tishu, na mhusika wa kawaida ni Clostridium perfringens, bakteria anayejificha katika umbo la mbegu ngumu isiyojali chumvi wala ethanoli. Hapa, nakiri bila kinyongo, dawa kali inahitajika: tenga mwili, toboa sehemu zenye gesi, dunga dawa yenye formaldehaidi ya kutosha mahali hapo hapo, ufanye kazi hiyo chini ya kivuta hewa. Visu, kanula na mipira vilivyogusa mwili huo visiguse mwingine kabla ya kutakaswa kwa dawa inayoua mbegu za bakteria. Kuvifuta kwa spiriti hakutoshi.

Kuvu

Tazama kwanza mahali ilipoota. Ikiwa nyuma ya masikio, puani, kati ya vidole vya miguu na kwenye kingo za ngozi iliyofunuliwa, tatizo ni matunzo ya nje. Ikiwa kwenye misuli ya ndani ambayo haijafunuliwa muda mrefu, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu, maana dawa haikufika.

Kuvu inataka hewa na unyevu. Mwili uliofunikwa nailoni huru, yenye nafasi ya hewa ndani na matone yanayoning'inia, ni shamba. Afadhali kitambaa cha pamba kilicholowa dawa na kugusa ngozi kila mahali, kisha nailoni iliyobanwa juu yake. Kitambaa kikishaota madoa kitupwe. Kukifua na kukirudisha ni kupanda upya. Glisarini inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo mchanganyiko wa ethanoli na glisarini usipowekewa thimoli au kizuia kuvu kingine utaota mara ethanoli inapopungua. Na ethanoli inapungua kila mfuniko unapofunguliwa. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mwezi wa kwanza mwili ni safi, mwezi wa tatu una madoa meupe, kumbe kilichobaki juu ya ngozi ni glisarini na maji.

Kuondoa: usipige brashi wala kupuliza, utasambaza mbegu chumba kizima. Bonyeza shashi iliyolowa ethanoli ya 70% juu ya doa, ikae dakika kadhaa, nyanyua, itupe ndani ya mfuko uliofungwa. Mafuta ya chini ya ngozi yaliyoota kuvu kata uyaondoe, hayasafishiki. Halafu loweka eneo hilo kwa fenoksiethanoli au thimoli iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. Fenoli nayo inaua kuvu vizuri na maabara nyingi bado zinaitumia, ila inaunguza ngozi ya mhudumu, inapenya mwilini kupitia ngozi, na inatia nyama weusi. Sioni sababu ya kuikimbia formaldehaidi ili kukumbatia fenoli.

Chenga chini ya tangi, matone ya mafuta juu

Dawa iliyochanganywa vibaya inaziba kanula, na mbaya zaidi inaingia mwilini ikiwa na nguvu pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi. Tambua kwa aina ya mashapo.

Chenga za mraba zinazong'aa ni chumvi. Maji ya kawaida yanayeyusha takriban gramu 36 za chumvi ya mezani kwa kila mililita 100, lakini ukimimina alkoholi ndani ya maji yaliyokwisha kukolea, chumvi inarudi kuwa chenga mbele ya macho yako. Pima upya kiasi cha chumvi kwa mchanganyiko wote, na uchuje kabla ya kudunga. Magamba meupe yanayoteleza kati ya vidole ni asidi ya boriki. Maji ya nyuzi 20 yanabeba karibu gramu 5 tu kwa mililita 100, yanayochemka yanabeba zaidi ya mara tano. Iyeyushe kwenye maji ya moto kwanza. Matone ya mafuta yanayozunguka juu ni fenoksiethanoli iliyotiwa kwenye maji baridi bila kukorogwa. Maji hayabebi zaidi ya asilimia 2 na ushee, hivyo asilimia 1 inawezekana, ila inataka uvuguvugu na subira. Thimoli haitaki maji kabisa, ianzie kwenye ethanoli.

Utelezi mweupe ndani ya chupa ya formalini iliyokaa kwenye baridi ni formaldehaidi iliyojiunga yenyewe na kuganda. Chupa hiyo si ya 37% tena, na kutikisa hakusaidii. Formalini ya zamani pia hugeuka asidi ya fomiki polepole. Pima pH kwa karatasi, na ikiwa chini ya 6 usiitumie bila kuisawazisha, maana asidi inaacha madoa ya kahawia kwenye tishu zenye damu.

Tukiwa hapo kwenye hesabu: formalini 10% si formaldehaidi 10%. Formalini ya dukani ina formaldehaidi 37 hadi 40%, hivyo sehemu 1 kwa maji sehemu 9 inatoa karibu 4%. Anayesoma maelekezo ya "formaldehaidi 4%" akaweka formalini mililita 40 kwa lita ametengeneza dawa ya 1.5%, na mwili utaoza. Anayesoma "formalini 10%" akatengeneza formaldehaidi 10% ameizidisha mara mbili na nusu, na darasa litalia.

Formalini imepungua, macho bado yanawasha

Mvuke hautoki sawasawa. Mwili ukiwa umefungwa unaweza kuwa na utulivu, kisha dakika ya kufungua kifua au nyonga panatoka wimbi, kwa sababu dawa imekusanyika kwenye dimbwi pembeni mwa uti wa mgongo. Nyonya dimbwi hilo kwa pampu au shashi mara tu uwazi unapofunguliwa, suuza kwa maji, funika sehemu ambazo hazisomwi. Hatua hiyo peke yake inapunguza mengi.

Baadaye tazama hewa. Watu wanasema mvuke wa formaldehaidi unazama chini. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo unakwenda hewa inakokwenda. Feni ya dari inauchota mezani na kuugawa kwa chumba kizima. Tundu la kutolea hewa karibu na dari linaupitisha mbele ya nyuso kabla haujatoka. Hewa safi iingie juu, chafu itolewe kwenye kingo za meza au chini yake, ili iondoke kwa kuacha nyuso nyuma. Barakoa ya upasuaji haizuii gesi, na hata N95 haizuii. Zote ni za chembe. Kinachozuia ni barakoa ya mpira yenye kichujio cha formaldehaidi. Glavu ziwe za naitrili, kwani mpira wa kawaida unapitisha, na zibadilishwe zikilowa.

Mwili wa zamani wenye formalini nyingi unaweza kupunguzwa makali. Urea na monoethanolamini hushikana na formaldehaidi iliyo huru, na amonia hufanya hivyo pia kwa kutengeneza heksamini, ila amonia ina mvuke wake wa kutesa, sipendi kuiona kwenye chumba cha wanafunzi. Kumbuka ukiifunga formaldehaidi yote umeondoa na ulinzi. Lazima fenoksiethanoli au kihifadhi kingine kifuate mara moja.

Na pua si kipimo. Inazoea ndani ya dakika chache. Beji ya kupimia mvuke ivaliwe kwenye kola, karibu na pumzi ya mtu anayepasua. Ikitundikwa ukutani inapima ukuta. Mjamzito na mwenye pumu wapewe njia nyingine ya kusoma bila kulazimika kujieleza mbele ya darasa.

Ubongo umekuwa uji

Usilaumu njia, karibu zote za formalini kidogo zinashindwa hapa. Ubongo una mafuta mengi, maji mengi, na fuvu linauzuia kupata dawa kutoka nje. Ukitaka ubongo wa kufundishia, utoe mapema na uukaze peke yake. Pitisha uzi chini ya ateri ya besila, ile inayolala katikati ya uso wa chini wa shina la ubongo. Funga ncha zote mbili kwenye ukingo wa ndoo, ubongo uning'inie ukiwa umepinduliwa, bila kugusa kitako wala kuta. Ukigusa, utakuwa bapa upande huo milele. Ndoo iwe na formalini 10% mara kumi ya ujazo wa ubongo, ibadilishwe baada ya siku chache, mfuniko ubanwe, wiki mbili au zaidi. Kisha osha kwa maji yanayotiririka siku nzima na uhamishie kwenye fenoksiethanoli. Formalini imetumika, lakini imebaki kwenye ndoo moja yenye mfuniko, haiko kwenye meza kumi.

Misuli inakatikakatika, au imekauka

Kwenye njia ya Thiel misuli kuvunjika ni sehemu ya bei ya ulaini. Chini ya hadubini nyuzi zake zinaonekana zimekatwa vipande, na asidi ya boriki ndiyo inayoshukiwa. Ndiyo maana miili hiyo inapendwa na madaktari wa upasuaji wanaofanya mazoezi kwenye viungo, lakini haifai kwa kuchukua sampuli za hadubini. Ikiwa kazi yako ni kufundisha misuli moja moja kwa mwaka mzima, chumvi au ethanoli vitakufaa zaidi.

Kukauka kunaanzia vidoleni, puani na masikioni. Mwili wa ethanoli unakauka haraka kuliko wote. Nyunyiza mchanganyiko wa maji, glisarini kidogo na kizuia kuvu kila mwisho wa kipindi, wala si mwisho wa wiki. Kano ikishageuka ya kahawia na kung'aa imekwisha. Kuilowesha kunaipa ulaini wa muda, sura yake haitarudi.

Rangi na kutu

Nyama ya kahawia kijivu ni hatima ya damu iliyobadilika na haizuii kufundisha. Chumvi za naitreti zinasaidia kushika wekundu. Fenoli ikigeuka waridi ndani ya chupa imeanza kuungana na hewa. Visu na meza vikiota kutu, hata vile vya chuma kisichoshika kutu, ni kloridi ya chumvi inayokula: suuza kwa maji matamu na kausha siku hiyo hiyo.

Vitu visivyokutana

Formalini isikutane na dawa ya kupaushia nguo, itatoa joto na gesi za sumu. Isikutane na asidi ya hidrokloriki, maana zinaweza kuzaa kiwanja kinachojulikana kwa kusababisha saratani. Iliyomwagika ifunikwe kwa sodiamu baisalfaiti, isisukumwe kwa maji kuelekea mfereji. Naitreti ya amonia inayotumiwa na Thiel inadhibitiwa kisheria katika nchi nyingi, kwa sababu inaweza kutengeneza mlipuko. Itunzwe mbali na mafuta na vitu vinavyoungua, na hesabu yake iandikwe. Ethanoli ya 70% inaweza kuwaka ikiwa kwenye nyuzi kama 17 za Selsiasi, yaani kwenye chumba cha kawaida kabisa. Kisu cha umeme cha kuunguza tishu kisitumike juu ya mwili wa ethanoli.

Mwili ambao hautengenezeki

Uvundo unaorudi siku mbili baada ya kila tiba, ini linalotiririka na ngozi inayovuka ikiguswa ni dalili za kusimama. Simama pia historia ya marehemu ikionyesha ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob au unaoshukiwa kuwa hivyo, kwa sababu formalini haiziui prioni, yaani protini zinazoueneza, na dawa nyepesi hazitaziua pia. Kifua kikuu nacho kina tabia ya kudumu kwenye mapafu ambayo dawa haikupenya. Mapafu magumu yenye vinundu yafungwe na yasikatwe mpaka mwalimu aamue. Mwili wenye dalili za kusimama utolewe kwenye mafunzo na upewe maziko au uchomaji kama mwenyewe alivyoelekeza alipojitolea, familia ikiarifiwa. Tangi limwagwe kwa utaratibu wa taka za kemikali, lisuguliwe, likauke, na karatasi ya mwili uliotoka ibaki kwenye faili pamoja na saa ya kupokelewa, lita zilizoingia na kila kidole kilichokataa rangi.